Jinsi ya kuandika shajara ya siri kila siku: mwongozo wa hatua kwa hatua

Shajara ya siri ni daftari ambamo mtu huandika mambo yake ya kila siku bila kukusudia yasomwe na mtu mwingine yeyote. Anayeidumisha hupata mambo mawili yanayotegemeana: hujifahamu vizuri zaidi, na hujikusanyia malighafi ya ubunifu, iwe ni hadithi, shairi, wimbo au mchoro. Nimekuwa nikiwafundisha watu wazima hapa Kisumu kazi hii, wakiwemo walimu, wauguzi na washonaji, na nimeona kwamba wanaoendelea na wanaoacha hawatofautiani kwa kipaji wala kwa elimu. Wanaoendelea wana hakika kwamba hakuna atakayesoma. Anayehofia kusomwa huandika kama mtu anayejitetea mbele ya baraza la wazee: huchagua maneno, huficha kosa lake, hujipamba, na baada ya wiki tatu daftari lake humchosha hata yeye mwenyewe. Ndiyo maana ninaanza na faragha, na nitakaa hapo kidogo kabla ya kufika kwenye kuandika kwenyewe.

Hatua ya kwanza: Hakikisha faragha ya daftari

Nyumba nyingi za kupanga katika mitaa ya Kisumu kama Nyalenda, Manyatta au Obunga ni za chumba kimoja au viwili, na mara nyingi familia nzima huishi humo. Ushauri wa kujifungia chumbani hauna maana kwa mtu wa namna hiyo. Kinachomfaa ni daftari lisilovuta macho. Nunua kaunta buku ya kawaida yenye jalada gumu, ya aina ile ile wenye maduka wanayoandikia madeni, wala usinunue shajara yenye maua na kufuli ndogo, kwa sababu kufuli humtangazia kila mtu kwamba ndani yake mna siri. Kurasa mbili tatu za mwanzo ziandike hesabu za matumizi ya nyumbani, na anayelifunua bila nia maalumu ataishia hapo. Lihifadhi mahali pamoja daima, kwa mfano katika mfuko wa kazini au chini ya nguo sandukuni, ili utambue mara moja likiguswa.

Mwenye mume au mke asimfiche mwenzake kwamba ana daftari. Daftari linalofumaniwa huzaa shuku kubwa kuliko chochote kilichoandikwa ndani yake. Ni afadhali kusema waziwazi, katika wakati wa utulivu: “Baba Akinyi, kuna daftari ninaloandikia mawazo yangu ili kichwa kitulie. Naomba lisisomwe na yeyote, hata watoto.” Ombi hili linaposemwa mapema na kwa heshima, wengi hulikubali.

Majina ya watu yaandikwe kwa herufi moja, au kwa jina la kupanga ambalo wewe pekee unajua ni la nani. Samuel Pepys, ofisa wa utawala wa jeshi la majini la Uingereza, aliandika shajara yake tangu mwaka 1660 hadi 1669 kwa hati mkato, yaani mwandiko wa alama za kifupi ambao wengi hawawezi kuusoma, na kwa kinga hiyo aliweza kukiri wivu wake, ugomvi wake na mkewe, na hofu zake kazini. Wewe huhitaji hati mkato, lakini unahitaji uhuru ule ule aliokuwa nao.

Kuhusu simu, mimi napendelea karatasi. Simu katika nyumba zetu hupita mikononi mwa watoto wanaotaka michezo na ndugu wanaotaka kutuma pesa, na programu nyingi za kuandikia hunakili maandishi yako kwenye akaunti ya intaneti ambayo huenda iko wazi katika kompyuta ya ofisini. Ukiamua kutumia simu hata hivyo, iwekee programu hiyo nywila yake yenyewe na uzime unakili huo kabla ya kuandika sentensi ya kwanza.

Hatua ya pili: Chagua wakati maalumu wa siku na muda mfupi

Dakika kumi na tano zinatosha. Wengine huandika saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya watoto kuamka na kabla ya kelele za bodaboda. Wengine huandika usiku baada ya vyombo kuoshwa. Alfajiri huleta ndoto na mawazo ambayo bado hayajapangwa, ilhali usiku huleta matukio ya siku pamoja na uchovu wake. Jaribu kila moja kwa wiki kadhaa, kisha shikilia inayokufaa, na uiunganishe na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku, kama vile kikombe cha kwanza cha chai. Dakika hizo zikianza, usinyanyue kalamu kusahihisha tahajia na usifute chochote. Andika kwa lugha inayotangulia kufika, iwe Kidholuo, Kiluhya, Kiswahili au mchanganyiko wa zote katika sentensi moja.

Hatua ya tatu: Anza na kitu ulichokiona, ulichokisikia au ulichokigusa

Hapa ndipo wanaoanza hukwama. Huandika hukumu badala ya tukio, na hukumu haina kitu cha kuchunguza. Tazama maandishi haya mawili kuhusu asubuhi moja katika soko la Kibuye hapa Kisumu, niliyoyaandaa kuwa mfano (omena ni dagaa wa ziwani, na gorogoro ni mkebe wa kupimia). La kwanza:

“Leo nilikwenda sokoni. Kulikuwa na watu wengi. Nilirudi nimechoka na nina hasira.”

La pili:

“Kibuye, Jumapili, mwendo wa saa nne. Mama wa omena alijaza gorogoro mpaka ikafanya kilima, kisha akakifyeka kilima kwa kiganja kabla ya kunimiminia mfukoni. Aliyekuwa mbele yangu aliachiwa kilima chake. Sikusema kitu. Nililipa, nikatembea nikiwa nimebana meno mpaka steji ya matatu.”

Maandishi ya kwanza ni ya kweli, lakini mwaka ujao hayatamkumbusha mwandishi lolote. Ya pili yamehifadhi kiganja, kilima na meno yaliyobanwa, na kutokana na vitu hivyo vitatu mtu anaweza kuuliza maswali. Kwa hiyo nawaagiza wanafunzi wangu waandike kwanza mahali na saa, kisha jambo moja tu lililotendeka, kwa vitenzi na nomino, na kwamba neno lolote linalotaja hisia lisubiri hadi aya inayofuata. Usitafute tukio kubwa. Pepys alishuhudia moto mkubwa ulioteketeza London mwaka 1666, na katika maelezo yake mojawapo ya mambo yanayokumbukwa sana ni kwamba alifukia jibini lake ardhini ili lisiungue. Jambo dogo la namna hiyo humwonyesha mtu alivyo kuliko aya nzima ya masikitiko.

Siku ambayo huoni la kuandika, eleza mikono ya mtu mmoja uliyemwona leo, au sauti ya mvua ilipoanza kugonga mabati. Haijawahi kutokea mwanafunzi akakosa chochote baada ya kuanza hivyo.

Hatua ya nne: Uliza sababu mpaka ufike pasipo starehe

Tukio likishaandikwa, acha mstari mmoja wazi, kisha ulihoji. Mwandishi wa mfano wetu angeendelea hivi: “Kwa nini sikusema? Kwa sababu watu walikuwa wakinitazama. Kwa nini kutazamwa kunanizuia kudai changu? Kwa sababu nyumbani kwetu aliyedai aliambiwa ana choyo, na dada yangu mkubwa ndiye aliyepakuliwa kwanza.” Kwa maswali mawili tumetoka kwenye gorogoro ya omena tukafika kwenye sahani za utotoni, na sasa mwandishi anajua kwamba hasira ya Kibuye ilikuwa na mizizi mirefu kuliko soko.

Hatua hii ina ushahidi wa kitaalamu. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani waliandika dakika kumi na tano kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika matukio machungu ya maisha yao pamoja na hisia zake walikwenda kituo cha afya mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya juujuu. Baadaye, Pennebaker na wenzake walipochunguza maneno yaliyotumika katika maandishi ya namna hiyo, waliona kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao maneno ya kueleza sababu na ya kuonyesha kuelewa yaliongezeka siku baada ya siku. Kulalamika peke yake, ukurasa baada ya ukurasa, hakufanyi kazi hiyo. Ni kutafuta sababu kunakomwendesha mtu mbele.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba mara tu baada ya kuandika jambo chungu, mtu huweza kuhisi huzuni zaidi kuliko kabla. Hali hiyo kwa kawaida hupita upesi. Lakini ukiona kwamba jambo fulani, kama msiba wa karibuni au ukatili uliotendewa, linakutetemesha kila unapoligusa, liache. Andika jambo jingine, na hilo lipeleke kwa mshauri nasaha au mtu unayemwamini, kwa kuwa daftari halina uwezo wa kukushika mkono.

Pale ambapo jambo si la kutisha bali ni la aibu, jisimulie kwa nafsi ya tatu: badala ya “nilinyamaza”, andika jina lako na “alinyamaza”. Mwanasaikolojia Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na wenzake, wameonyesha kwamba mtu anayejitafakari kwa kutumia jina lake mwenyewe hupata umbali kidogo kutoka kwa hisia zake na husumbuka kidogo kuliko anayesema “mimi”. Wanafunzi wangu huipenda njia hii hasa wanapoandika kuhusu ugomvi na wazazi.

Hatua ya tano: Soma tena kwa penseli mkononi

Watu wengi huandika bila kurudi nyuma, na hivyo huacha nusu ya faida ndani ya daftari. Tenga muda mara moja kwa wiki usome kurasa za siku saba zilizopita. Usisahihishe na usijikemee. Pigia mstari kila kitu kinachojirudia: jina, mahali, saa, kiungo cha mwili kinachouma, aina ya tukio. Kisha katika kurasa za mwisho za kaunta buku tengeneza faharasa, yaani andika “hasira”, “pesa”, “usingizi”, “dada”, na mbele ya kila neno orodhesha nambari za kurasa.

Faharasa hiyo ndiyo kioo chenyewe. Mtu anayeamini kwamba anachukia kazi yake anaweza kugundua kwamba kurasa zake zote za uchovu zinafuata siku za kikao na bosi mmoja, na kwamba siku nyingine aliandika kuhusu kazi hiyo hiyo kwa furaha ambayo ameisahau. Kumbukumbu hupenda kutoa muhtasari, na muhtasari wake mara nyingi hauna haki. Kurasa zenye tarehe haziwezi kubishaniwa kirahisi hivyo.

Hatua ya sita: Vuna kwa ajili ya kazi ya ubunifu

Mara moja kwa mwezi, chagua andiko moja ambalo bado linakusumbua, ulinakili kwenye karatasi tofauti, na ubadilishe msimulizi. Tuseme unachukua lile la Kibuye na kuliandika kwa macho ya mama wa omena. Kwa nini alifyeka kilima? Pengine ni miezi ya kufungwa kwa uvuvi wa omena, kuanzia Aprili hadi Julai, na gunia alilonalo ni la mwisho. Pengine gugumaji limeziba ufuo na mashua zimeshindwa kutia nanga. Pengine aliyetangulia ni mkwewe, na kilima kile kilikuwa heshima. Umeshapata hadithi fupi, na pia umelegeza kidogo ile hasira, kwa sababu umelazimika kusimama upande wa pili wa meza.

Daftari la siri linafaa kwa kazi hii kwa sababu huruhusu wazo bichi kukaa bila kuchekwa. Mwaka 1837 mwanasayansi wa viumbe Charles Darwin alichora katika daftari lake la binafsi mti wa mistari michache kuonyesha jinsi viumbe wanavyoweza kuwa wametokana na asili moja, na kando yake akaandika kama mtu anayekisia tu. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka mwaka 1859. Wazo lako linaweza kuhitaji mwezi mmoja au miaka mingi; liwekee alama katika faharasa na uliache likomae. Nakala ya karatasi ndiyo utakayoionyesha kwa wengine. Daftari lenyewe lisitoke.

Hatua ya saba: Siku zilizorukwa na madaftari yaliyojaa

Ukiruka siku, andika tarehe ya leo na uendelee; usijaribu kujaza siku zilizopita, kwa sababu utakachoandika kitakuwa muhtasari na si tukio. Kaunta buku ikijaa, andika juu ya jalada tarehe ya kwanza na ya mwisho tu, uifunge katika mfuko wa plastiki, na uiweke juu mbali na sakafu, maana mchwa na mafuriko ya msimu wa mvua havichagui. Kisha mteue mtu mmoja unayemwamini, umweleze madaftari yako yalipo, na umwambie kama ukifa yachomwe yote au yakabidhiwe nani.