Kupiga Picha Pacha za Kanisa Kongwe la Parokia

Mwaka 1838, kabla hata upigaji picha haujatangazwa hadharani, Charles Wheatstone alionyesha kwamba tunatambua kina, yaani kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, kwa sababu kila jicho hukiona kitu kutoka upande wake. Baadaye wapiga picha waliitumia kanuni hiyo kupiga picha pacha, yaani picha mbili za kitu kimoja ambazo zikitazamwa pamoja, kila jicho na yake, huungana na kuonyesha kina. Wengi wao walikuwa na kamera moja tu, ambayo waliitelezesha juu ya ubao na kupiga mara mbili. Njia hiyo ingali inafaa kwa makanisa kongwe ya misheni yaliyoko kati ya Kisumu na Mumias, na simu ya kawaida inatosha.

Nenda siku ya kazi, kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, jua likiwa bado limeinama na vivuli vikionyesha kila ufa wa ukuta. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda upesi, na alasiri mvua huweza kukukatiza. Tafuta kitu cha kutangulia mbele ya kanisa, kwa mfano tawi la mti au nguzo ya kengele, kwani ukuta ulio peke yake hubaki bapa hata ukifanya kila jambo sawasawa.

Kisha pima umbali, na hapa ndipo wengi hukosea: kinachopimwa si umbali wa kufika kanisani, bali wa kukifikia kile kilicho karibu nawe zaidi katika picha. Ugawanye kwa 30. Nguzo ikiwa mita 6 mbele yako, simu itasogezwa sentimita 20. Ukizidisha mno, macho yatachoka na kanisa litafanana na kijumba cha kuchezea watoto.

Weka ubao juu ya meza, uusawazishe kwa pima maji ya fundi wa ujenzi, na ubandike rula ukingoni. Funga fokasi na mwanga wa simu visibadilike, piga picha ya kushoto, itelezeshe simu kulia bila kuigeuza hata kidogo, kisha piga ya pili papo hapo, maana vivuli navyo husogea. Jozi yangu nzuri kuliko zote iliharibiwa na mama aliyekuwa akifagia ngazi: katika picha ya pili alikuwa amekwisha kuingia ndani, na sasa ufagio wake hutokea na kutoweka mlangoni kama mzimu.

Chapisha kila picha kwa upana wa sentimita 6.5, uzibandike sambamba kwenye kadi ngumu, ya kushoto ikae kushoto. Kama huna kitazamio cha lenzi cha aina aliyoibuni Oliver Wendell Holmes mwaka 1861, simamisha kipande cha katoni kutoka katikati ya picha hizo hadi puani, utazame kana kwamba unaangalia mbali, mpaka ziungane. Ukiona mnara umezama nyuma ya mawingu, picha zimebadilishana pande. Zibandue kabla gundi haijakauka.