Jinsi ya kuchezesha mechi za magongo za wanafunzi kwa haki na usalama

Michezo ya muhula wa kwanza inapopamba moto, viwanja vya shule za Kisumu, Vihiga, Kakamega na Bungoma, magharibi mwa Kenya, hujaa vijana wenye magongo mabegani, na majina ya shule kama Sinyolo, Tigoi, Musingu na Kamusinga husikika kila wapenzi wa mchezo huu wanapokutana. Mashindano hayo huhitaji waamuzi wengi kuliko waliopo, kwa hiyo filimbi mara nyingi huangukia mikononi mwa mwalimu kijana au mchezaji wa zamani ambaye hajawahi kufundishwa kuitumia. Mwongozo huu ni wake. Unahusu mechi inayochezwa kwenye nyasi za shule, wala si kwenye zulia la bandia, kwa sababu ingawa kanuni ni zile zile, ardhi yetu ina mabonde na vichuguu ambavyo mwamuzi asipovizingatia atawaonea wachezaji bila kujua. Nimekuwa nikishikilia kwamba haki na usalama ni kazi moja: timu ikiona kosa la hatari limepita bila filimbi, huanza kujilipia yenyewe kwa magongo, na hapo ndipo mtoto huumia.

Kabla ya mechi

Fika uwanjani angalau saa moja mapema, umtafute mwamuzi mwenzako, kisha mtembee pamoja kutoka goli hadi goli mkitazama chini. Katika shule nyingi za magharibi ng'ombe hulishwa uwanjani siku za kawaida, na kinachosahaulika ni kigingi cha kamba kilichokatika na kubaki kimechomoza kidogo katikati ya nyasi. Mchezaji wa magongo hukimbia akiwa ameinama, macho yake yako kwenye mpira, na kigingi cha namna hiyo kinaweza kumvunja kifundo cha mguu au kuurusha mpira usoni mwa mwenzake. King'olewe, mashimo yafukiwe kwa udongo na kushindiliwa, mawe yaokotwe. Tikisa pia kila goli kwa mikono miwili. Likiyumba au likiwa na msumari uliochomoza, lirekebishwe kabla timu hazijaanza kupasha misuli moto.

Baada ya hapo pima duara la kufungia mabao, ambalo wachezaji wengi huliita D. Kanuni inataka mita 14.63 kutoka kwenye mlingoti, na bao halihesabiwi ikiwa mshambuliaji hakuugusa mpira kwa gongo lake ndani ya mstari huo. Kamba iliyopimwa nyumbani na kufungwa fundo mahali panapostahili inatosha kabisa: mmoja anaishika kwenye mlingoti, mwingine anazunguka nayo. Nimewahi kukuta D ya upande mmoja imepungua hatua mbili nzima kwa sababu aliyechora alikisia kwa macho, na kama tungeanza hivyo, timu moja ingekataliwa mabao ambayo upande wa pili yangekubaliwa. Mistari ikichorwa upya kwa chokaa, wachezaji wakae mbali hadi vumbi litue, kwa kuwa chokaa ikiingia jichoni huunguza.

Ukaguzi wa magongo uufanye kwa mkono, si kwa macho tu. Pitisha kidole pembezoni mwa kila gongo ukitafuta mbao iliyopasuka, waya uliotumiwa kulifunga, au ncha inayokwaruza. Gongo linalokwaruza kidole chako litachana shavu la mtoto. Saa, hereni na bangili zivuliwe. Kinga za ugoko na za meno zinapendekezwa na kanuni bila kulazimishwa, lakini mwamuzi anayeziulizia kwa sauti mbele ya mwalimu wa timu huzifanya zionekane zina uzito. Mimi binafsi simruhusu mtoto kucheza peku, hata akidai amezoea.

Kwa kipa hakuna mjadala. Anapaswa kuwa na helmeti, kinga za miguu na viatu maalumu vya kupigia mpira, na helmeti haivuliwi isipokuwa pale kipa mwenyewe anapokwenda kupiga penalti. Shule ikija bila vifaa hivyo, ama iazime, ama icheze bila kipa, ikiwa na wachezaji wa kawaida peke yao. Mara nyingi shule mbili hulazimika kugawana helmeti moja katika siku moja ya mashindano. Basi panga ratiba na waandaaji ili timu zenye helmeti hiyo zisipangiwe muda mmoja, badala ya kufumba macho mchezo ukishaanza.

Jambo la mwisho ni gari la kumpeleka majeruhi hospitali. Usipulize filimbi ya kuanza kabla hujaonyeshwa sanduku la huduma ya kwanza, gari lenyewe na dereva wake. Jibu la "gari liko njiani" si gari.

Kuonekana mwadilifu

Waite manahodha wawili pamoja na walimu wao, uwaambie maneno yale yale kwa wakati mmoja: utakavyohukumu mpira wa juu, nani anaruhusiwa kuzungumza nawe, na muda wa kila kipindi kama ulivyowekwa na waandaaji. Tumia Kiswahili au Kiingereza kwa wote. Mwamuzi anayemwonya kijana mmoja kwa Dholuo na mwingine kwa Kiswahili huenda hana nia mbaya hata kidogo, lakini timu iliyotoka Kakamega itahesabu kila neno isilolielewa kuwa ni upendeleo. Kwa sababu hiyo hiyo, usile chakula cha mchana mezani kwa timu mojawapo, wala usipande basi lao. Nauli na posho zitoke kwa waandaaji. Ikiwa umewahi kufundisha mojawapo ya timu, au una mtoto ndani yake, sema mapema ubadilishane mechi na mwingine.

Filimbi ikishalia

Waamuzi ni wawili, na kila mmoja anasimamia nusu yake ya uwanja. Simama pembeni ukitazama ndani, goli lako likiwa upande wa mkono wa kulia, na usogee kadiri mashambulizi yanavyosogea. Mpira ukifika ndani ya D, nawe uwe karibu kiasi cha kuona ni mguu ama gongo lililoguswa. Piga filimbi kwa nguvu, onyesha mkono mara moja, kisha nyamaza. Filimbi dhaifu huwaacha wachezaji wakiendelea kucheza nusunusu, na mtu asiyejua kama mchezo umesimama ndiye anayepigwa.

Dakika tano za kwanza ndizo zinazoamua saa nzima. Kanuni inakataza kuinua mpira kwa makusudi kwa kuupiga, isipokuwa mchezaji anapolenga goli. Kuuchota au kuusukuma juu kwa gongo kunaruhusiwa, lakini ukielekezwa kwa mpinzani aliye ndani ya mita 5 ni mchezo wa hatari. Katika mechi moja ya wavulana niliyoichezesha Kisumu, beki alipiga mpira ukapaa hadi usawa wa kiuno, na kwa kuwa hakukuwa na mtu karibu, niliuacha. Robo ile ya mechi haikuisha kabla mpira wa namna ile ile, kutoka timu ya pili, haujampasua kijana mmoja mdomo. Alishonwa. Kijana aliyeupiga aliniambia, kwa unyofu ambao sijausahau, kwamba alidhani siku ile nimeruhusu. Tangu hapo mpira wa kwanza ulioinuliwa ovyo naupigia filimbi hata kama ungetua porini, na mwamuzi mwenzangu hufanya hivyo hivyo upande wake.

Mpira wa juu unaoshuka nao una kanuni yake: anayeupokea aachiwe mita 5 mpaka autulize chini. Vijana husahau hili kwa sababu ya hamu, hivyo paza sauti mapema, "Mwachie!", kabla hawajagongana.

Mguu unahitaji busara zaidi. Si kila mpira uliogusa mguu ni kosa. Ni kosa pale mchezaji anaponufaika nao, au anapouzuia kwa makusudi. Kwenye nyasi zenye matuta mpira hurukaruka na kugusa miguu ya kila mtu, na mwamuzi anayepiga filimbi kila mara huua mchezo huku akiiadhibu timu kwa kosa la ardhi. Jiulize ni nani amefaidika. Ikiwa timu iliyokosewa bado ina mpira na njia iko wazi, waache waendelee, maana kusimamisha mchezo hapo ni kumpa mkosaji zawadi.

Kona ya adhabu, ile inayoitwa shoti kona, ndiyo sehemu yenye hatari kubwa kuliko zote, kwa hiyo usiiharakishe. Mabeki wasizidi watano nyuma ya mstari wa goli, kipa akiwemo, na wenzao wabaki nyuma ya mstari wa katikati. Subiri waliokuja na barakoa za uso wazivae vizuri. Mpira wa kwanza ukipigwa kwa kishindo kuelekea golini, hauna budi kuvuka mstari bila kuzidi milimita 460, yaani kimo cha ubao wa nyuma ya goli. Ukizidi, hakuna bao hata kama ushangiliaji umeshaanza. Beki anayekimbilia mpira akiwa ndani ya mita 5 akigongwa kwenye goti au juu yake, mpigo ni wa hatari na timu yake inapewa mpigo huru. Akigongwa chini ya goti, kona inarudiwa. Tofauti hiyo huwakasirisha wengi, na ni vyema uieleze katika mkutano wa manahodha.

Kuhusu kadi, ya kijani humtoa mchezaji kwa dakika 2, ya njano kwa dakika zisizopungua 5, na nyekundu humtoa moja kwa moja. Kwa watoto neno la upole lililotamkwa karibu, ukimtazama usoni, mara nyingi hutosha. Hata hivyo gongo lililoinuliwa kwa hasira halistahili onyo la mdomo.

Mvua, jua na kichwa

Eneo letu hupata radi za alasiri, Kakamega na Kisii zaidi ya kwingine, na mtoto aliye katikati ya uwanja hana pa kujificha. Ukiona umeme, hesabu; ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, watoe wote uwanjani waingie madarasani au ndani ya basi, wala wasisimame chini ya mti. Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Walimu watakulalamikia kuhusu giza na safari ya kurudi, nawe utabaki pale pale. Jua kali la Kisumu ni rahisi zaidi kulishughulikia: hakikisha maji yapo kwenye kila mapumziko ya robo.

Mchezaji akiumia, simamisha saa. Akiwa wa kawaida atatibiwa nje ya mistari, ilhali kipa anaweza kutibiwa pale alipo. Anayetoka damu harudi hadi jeraha lifunikwe na jezi yenye damu ibadilishwe. Aliyegongwa kichwani ni habari nyingine kabisa. Akionekana kuduwaa, akiyumba, akilalamika kichwa au asipokumbuka nani amefunga, siku hiyo mchezo kwake umekwisha, hata kama ni fainali na yeye ndiye nahodha. Akitapika, akipoteza fahamu, akiona vitu viwiliviwili au maumivu yakizidi, gari ulilolikagua asubuhi liondoke kwenda hospitali papo hapo.

Mechi ikiisha, usikimbilie kuondoka. Andika katika fomu kadi zote na kila jeraha, pamoja na dakika lilipotokea, kisha mtafute mwalimu wa yule aliyegongwa kichwa umkabidhi karatasi yenye saa ya tukio na dalili ulizoziona. Mwombe ampigie mzazi simu ungali umesimama pale, na amwambie matroni asimwache kijana huyo alale peke yake usiku ule.