Mtoto Hajambo. Na Wewe Je?

Mimi ni mkunga hapa Busia, upande wa Uganda. Siku ya chanjo mtoto anapimwa uzito, anadungwa, haya, anayefuata! Mama haulizwi kitu. Basi anza kujiuliza mwenyewe ukiwa bado nyumbani.

Machozi ya siku ya tatu hivi, maziwa yakijaa, yasikutishe. Kwa kawaida huisha ndani ya wiki 2. Yakizidi hapo, au yakianza miezi kadhaa baadaye, huenda ni sonona ya baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka.

Swali langu huwa hili: mtoto akilala, nawe unalala? Aliyechoka tu, ukimshikia mtoto anakoroma hapo hapo. Mwenye sonona analala macho wazi, anahesabu mabati. Chakula hakishuki, kila kitu anajilaumu, mtoto anamnyonyesha kama wa jirani. Na wengi hawaji wakisema wana huzuni. Watasema kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu, kisha warudi nyumbani na Panadol.

Malaria upimwe, damu pia ipimwe, lakini usiishie hapo. Mwambie mhudumu wa kituo, ambaye huku tunamwita musawo: "Musawo, tangu nijifungue roho yangu haijatulia. Silali hata mtoto akilala." Chanjo ya wiki 6 inafaa kabisa kwa maneno hayo, ukishindwa, kuna ya 10 na ya 14. Ikiwa hali ni mbaya, usingoje tarehe.

Huenda ukaulizwa maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita. Hayo ni maswali ya Edinburgh ya kupima sonona, ya mwaka 1987, na daktari John Cox aliyeongoza kazi hiyo alikuwa ameshachunguza wajawazito wetu wa Uganda kule Kasangati, karibu na Kampala. Kwa hiyo shemeji akikuambia huo ni ugonjwa wa wazungu, mwache aongee.

Tiba ipo. Kule Masaka na Rakai, utafiti uliochapishwa 2003 ulionyesha kwamba kukaa kikundi na kuzungumza kwa utaratibu kunapunguza sonona. Dawa nazo zipo, na baadhi, kama sertralini, hutumika mama akiendelea kunyonyesha. Kituo kikishindwa, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya Mbale; Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili kule Kampala, ni kwa mambo mazito.

Baba naye hupatwa. Ukimwona anakunywa kuliko zamani, anafoka, anakwepa kurudi nyumbani, mpeleke naye.

Lakini mama akisikia sauti, akiongea yasiyoeleweka, au akitaja kujiua au kumdhuru mtoto, ni siku hiyo hiyo. Asiachwe peke yake, wala na mtoto. Wazee watasema ni amakiro, ugonjwa wa mzazi wanaouhusisha na uzinzi, na kuanza kutafuta nani alitoka nje ya ndoa. Kesi hiyo itangoja. Tafuteni gari, bebeni kitabu cha kliniki, na aje mtu mmoja wa kumshika mtoto wakati mama anahudumiwa.