Kurivyu mtaala wa digrii hatua kwa hatua, bila kuwaumiza wanafunzi waliopo

Wadau habari zenu. Hii naiandika kwa mhadhiri aliyepewa barua ya kuratibu mapitio ya mtaala idarani kwake, maana barua huwa inakuja na jina lako na tarehe ya mwisho basi, namna ya kuifanya kazi utajua mwenyewe. Mimi nipo Tanga na ndo kazi yangu hii, kwa hiyo mfano wetu uwe digrii ya lojistiki ya miaka 3.

Hatua ya 1: anzia kazini, sio kwenye slaidi zako

Kabla hujagusa kozi hata moja tafuta wahitimu wenu na wanaowaajiri. Hapa Tanga zamani meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali, mzigo unashushwa kwenye matishari ndo unaletwa gatini, sasa hivi kina kimechimbwa kufika mita 13 na meli inafunga gatini yenyewe. Halafu kuna bomba la mafuta ghafi la km 1,443 kutoka Hoima kule Uganda linaloishia pale Chongoleani hapa Tanga. Kwa hiyo kazi ya mtu wa lojistiki hapa imebadilika, na kama mtaala wenu uliandikwa enzi za matishari utaona tofauti mapema sana.

Ukikaa na mwajiri usimuulize "mnataka tufundishe nini", atakupa orodha ndefu ya kila kitu alichowahi kukisikia. Muulize hivi: kijana wetu akija kazini wiki ya kwanza, kitu gani mnalazimika kumfundisha upya? Hapo atakutajia vitu viwili vitatu vya kweli, andika hivyo hivyo kwa maneno yake. Na usiisahau bodi ya taaluma, kwa lojistiki wapo PSPTB, uhasibu NBAA, uhandisi ERB. Hao waite mwanzoni kabisa, sio umeshamaliza ndo unawapelekea wasaini.

Hatua ya 2: andika mhitimu atakuwa anaweza nini

Hii fupi. Sentensi kama sita hadi nane zenye vitenzi vinavyopimika, yaani "aandae nyaraka za kutoa mzigo forodhani" na sio "aelewe masuala ya forodha". Kila kozi ijibu angalau sentensi moja hapo, isiyojibu hata moja iwekee alama ya kuuliza.

Hatua ya 3: hesabu ya krediti, hapa ndo penye kazi

Shahada ya kwanza ya miaka 3 inataka krediti 360 kwa kiwango cha chini, ambazo ni 120 kwa mwaka, 60 kwa semista. Krediti 1 ni masaa 10 ya mwanafunzi, na humo kuna lekcha, semina, kujisomea, asaimenti, mpaka mtihani wenyewe. Sasa piga hesabu: 60 mara 10 ni masaa 600, ukigawa kwa wiki 15 unapata masaa 40 kwa wiki. Hiyo ni wiki nzima ya kazi tayari! Ukiongeza kozi moja tu ya krediti 12 bila kutoa nyingine umempeleka masaa 48, na huyo mtoto bado ana daladala, ana kupika, na wengine wanauza vitu jioni kwa sababu bumu (hela ya mkopo) halijaingia.

Kwa hiyo mimi sheria yangu ni moja na huwa siilegezi: anayeleta kozi mpya aje na kozi ya kutoa. Kikao kitakuwa kigumu, maana kila kozi ina mwenyewe na mtu aliyeifundisha miaka mingi anaona unamtoa yeye, sio kozi. Muheshimu, msikilize, ila mrudishe kwenye zile sentensi za hatua ya 2. Mara nyingi utakuta kozi mbili zinafundisha kitu kile kile kwa majina tofauti, ziunganishe na hapo umepata nafasi bila ugomvi.

Hatua ya 4: masharti

Angalia kozi ipi inatangulia ipi, chora kwenye karatasi moja kubwa. Kozi yenye minyororo mingi nyuma yake ni hatari, mtu akipata sapu (mtihani wa marudio) akashindwa akakeri hiyo moja, yaani akaibeba kuirudia mwaka unaofuata, mwaka mzima unaofuata unamfungia mlango. Weka sharti pale tu ambapo bila kozi ya kwanza ya pili haieleweki kabisa.

Na sifa za kuingia nazo ziendane. Kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa wa fomu siksi ni prinsipo mbili, yaani ufaulu wa masomo mawili makuu, zenye jumla ya pointi 4.0, wa diploma GPA 3.0, chuo kinaweza kupandisha. Kama mmeingiza takwimu nzito mwaka wa kwanza na mnapokea waliotoka HGL (historia, jiografia na Kiingereza), basi ama muongeze sharti la hesabu ama muweke hesabu za msingi kwanza, msimwache mtu adisko (aondolewe chuo kwa kufeli) kwa kitu ambacho mlijua tangu siku ya udahili.

Hatua ya 5: vikao

Idara, kitivo, kamati ya seneti, seneti, halafu TCU. Maoni ya kila kikao yaweke kwenye jedwali, walisema nini na mmefanya nini. Msitangaze mtaala mpya kabla TCU hawajaupitisha, hata kama tangazo liko tayari.

Hatua ya 6: waliomo ndani

Hii inasahaulika na ndo inayoumiza watu. Mwanafunzi anamaliza na mtaala alioingia nao, kwa hiyo kwa miaka kadhaa mtaendesha miwili kwa pamoja na ratiba ikubali hivyo. Tengeneza jedwali la ulinganifu, kozi ya zamani upande huu, ya mpya upande ule, na ile iliyofutwa kabisa andika nani atatunga na kusahihisha mtihani wake kwa wenye keri. Kisha omba ofisi ya udahili majina ya walioahirisha mwaka, wale wa ugonjwa, uzazi, ada, maana wakirudi watakuta darasa lao limeshaondoka na kozi zao hazipo kwenye mfumo. Kila mmoja aandikiwe barua yenye kozi zake zilizobaki, na kopi ikae kwenye faili lake kabla mtaala mpya haujaanza kufundishwa.