Unataka kumlea kwa muda mtoto wa watu wengine (malezi ya kambo)? Anzia hapa
Kwanza usimchukue mtoto kienyeji tu eti umemwonea huruma, hata kama mamake kakubali mdomoni. Kwa Tanzania Bara kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, so nenda halmashauri kwako umwone afisa ustawi wa jamii, atakuja mpaka home kuangalia unaishije, mtoto atalala wapi na wenzako ndani wanasemaje. Jibu ukweli jamani.

Halafu elewa hii sio kuasili (kumfanya mtoto awe wako kabisa kisheria), mtoto bado ana kwao na mara nyingi lengo ni arudi mambo yakikaa sawa, kwa hiyo usimsemee vibaya mzazi wake mbele yake, na usimbadilishe jina. Usiku wa kwanza anaweza kulia au kukojoa kitandani, usimgombeze.