Kabla Hujapakia Jenereta Kwenye Mashua Yako Mtera

Bwawa la Mtera linazalisha megawati 80 za umeme, lakini ukishafunga mashua kwenye kisiki katikati ya maji, umeme wako ni ule uliobeba mwenyewe. Ndiyo maana watu wanatoka Dodoma mjini na jenereta dogo la kuvuta kamba, wanalitua kwenye mashua ya tanga na kulitumia vilevile walivyozoea dukani. Majini si dukani. Soma haya kwanza.

Piga hesabu ya matumizi kabla ya kitu chochote. Kama ni taa mbili za LED na simu za watu watatu, hazifiki hata wati 100. Chukua paneli ya sola na betri, jenereta liache nyumbani. Wanaolihitaji kweli ni wenye friza ya samaki, na mota ya friza ikianza kuzunguka inavuta mara tatu au zaidi ya wati zilizoandikwa kwenye kibandiko chake. Jenereta la kilovoti-ampea moja (kama wati 1,000 au pungufu) linaweza kuguna na kuzima.

Petroli jaza ukiwa nchi kavu, jenereta likiwa limepoa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka kwenye ngama, yaani tumbo la chombo chini ya mbao, na kukaa pale ukisubiri cheche. Dumu lisijae hadi mdomoni, maana jua la huku linalivimbisha. Tanga na kamba vikae mbali na ekzosi.

Kama jenereta lako lina oili kwenye injini, usiliwashe mkiwa mnakwenda kwa tanga. Upepo ukijaa, chombo kinalala upande, oili inakimbilia pembeni na injini inakauka. Washa mkiwa mmesimama. Nyaya mbili uchi kwenye soketi, marufuku. Nunua plagi. Volti 230 na mikono yenye maji havikai pamoja.

Sasa moshi. Hapa nitachukua muda wako.

Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu na mjomba. Ilikuwa Julai, baridi ya usiku imeanza kuuma, tumefunga omo, yaani mbele ya chombo, kwenye mti mkavu, mmoja wa ile iliyofunikwa na maji bwawa lilipojaa. Jenereta tuliliweka tezi, nyuma kabisa. Tuliona tuna akili: chombo kilichofungwa kwa omo kinaelekeza uso kwenye upepo, kwa hiyo moshi unakwenda nyuma. Tukatandaza turubai juu ya foromali, ule mti unaobeba tanga, likawa hema letu, na upande wa nyuma tukauacha wazi ili waya upite.

Hatukufikiria kwamba upepo unalala. Usiku wa manane ulikufa kabisa, maji yakawa kama kioo, na chombo kikajigeuza taratibu. Moshi ukawa unaingia kwa ule mlango tuliouacha wazi, na turubai likaushika. Hata upepo unapovuma usijidanganye, kwa sababu nyuma ya turubai hewa huzunguka na kurudi ndani.

Niliamka kwa kichwa kinachogonga. Harufu ya moshi ilikuwa kidogo tu, ya kawaida, wala haikunishtua. Nikamwita mdogo wangu, akajibu maneno yasiyoeleweka, kama mlevi. Mjomba alikuwa ameketi anatapika pembeni. Akasema, "Mwanangu, hii malaria imetukamata wote," akaanza kutafuta dawa kwenye mfuko. Nami nilimwamini! Nilishika chupa ya maji nimpe ameze. Kilichotuokoa ni kwamba niliposimama miguu ilikataa, nikaangukia kamba ya turubai, ikafunguka, na hewa baridi ikanipiga usoni. Dakika chache baadaye kichwa kilianza kufunguka ndipo nikaelewa. Nilizima jenereta, tukamvuta mdogo wangu hadi kichwa chake kikawa nje. Tulipiga makasia hadi alfajiri. Hospitalini alivalishwa oksijeni saa kadhaa.

Hewa ile inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hushika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika. Ni ileile ya jiko la mkaa linaloingizwa chumbani wakati wa baridi. Basi shika hili: malaria haiwaangushi watu watatu kwa saa moja. Mkiumwa kichwa, mkihisi kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, na kuna injini inaunguruma karibu, tokeni nje kwenye hewa safi kwanza, zimeni injini, halafu nendeni hospitali hata kama mmepata nafuu. Na mtu asilale jenereta likiwa linafanya kazi. Chaji betri jioni mkiwa macho, turubai likiwa limekunjwa, kisha zima, usiku tumieni betri. Kuna kengele ndogo za betri zinazolia hewa hii ikizidi. Nunua moja, uitundike unapolala.

Mengine ni ya kawaida ila yasisahaulike. Kelele za jenereta zinafunika sauti, mwenzako akidondoka hutamsikia akiita, na Mtera ina mamba na viboko. Lifunge jenereta kwa kamba lisiteleze wimbi likija. Mvua ikianza, zima, usilifunike na nailoni likiwa linawaka. Watoto wasikae tezi. Beba plagi ya injini ya akiba na spana yake, tochi, na makasia hata kama tanga ni jipya. Mwachie mtu wa nchi kavu namba zenu za simu na saa mtakayorudi. Jaketi la kujiokolea livaliwe na kila mmoja, aliyelala pia.