Leseni ya chumba cha masaji Moshi: anza na mkataba wa pango

Mwanafunzi wangu wa kwanza kufungua chumba chake cha masaji hapa Moshi amepata leseni wiki iliyopita. Imetuchukua miezi miwili, na zaidi ya nusu ya muda huo umeliwa na karatasi moja tu: mkataba wa pango. Naandika kwa yeyote anayewafundisha mabinti na kina mama wa mtaani kukanda mwili na anataka wafanye kazi kwa jina lao, wasibaki vibarua wa hoteli wageni wakiwa wengi na kurudishwa nyumbani masika yakianza.

Kabla hujalipia chumba, kaa chini na mwenye nyumba. Tulipata chumba Majengo kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, dada huyu akalipa miezi sita kwa mkupuo, 900,000, wakaandikiana ukurasa mmoja kwa mkono. Tulipofika TRA, mamlaka ya mapato, ndipo tukaelezwa kuhusu kodi ya zuio: anayepanga kwa ajili ya biashara hukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, mwenye nyumba hupewa kinachobaki. Hiyo ni 90,000. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini yeye alikuwa ameshapokea fedha zote na akasema zimeshatumika. Ikabidi mpangaji alipe kutoka mfukoni. Juu yake kuna ushuru wa stempu, asilimia 1, yaani 9,000, ambao unatakiwa ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini. Fedha aliyoiweka kwa ajili ya kitanda cha pili iliishia hapo. Aliipata kwa kuuza ndizi sokoni, na mimi kama mwalimu wake nilipaswa kulijua jambo hili mapema.

Kwa hiyo andikeni ndani ya mkataba wenyewe: pango ni kiasi gani, mwenye nyumba anapokea kiasi gani mkononi, na kiasi gani kinakwenda TRA kwa jina lake. Wekeni TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, na jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, mashahidi wasaini, na wakili agonge muhuri.

Kisha uliza swali ambalo sisi hatukuuliza: nyumba iko kwa jina la nani? Mkataba wetu ulirudishwa mara ya pili kwa sababu nyumba bado ilikuwa kwa jina la marehemu baba wa mwenye nyumba. Tulisubiri siku 19 mpaka kaka mtu, aliyeteuliwa na mahakama kusimamia mirathi, aliporudi safari na kuja kusaini. Huku kwetu nyumba nyingi ziko katika hali hiyo, na hakuna anayeona haja ya kukwambia.

Jina la biashara linasajiliwa kwa mtandao BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ukiwa na namba ya NIDA na simu inayoshika intaneti, hapo hakuna shida.

Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa nayo inataka subira. Neno masaji lina sifa mbaya mitaani, na mwenyekiti wetu alituambia wazi kwamba hataki kuweka muhuri wake kwenye jambo la aibu. Sikubishana naye. Nilimweleza wateja wetu ni nani: wageni walioshuka Kilimanjaro kupitia Mweka na mapaja yamekaza, na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, waliobeba hadi kilo 20 kwa siku sita mfululizo. Nikamwalika aje aone. Alikuja na mke wake, ambaye mgongo ulikuwa unamsumbua tangu msimu wa kulima. Dada alimkanda nusu saa, mlango wazi, mimi nimekaa pembeni. Mama alipoinuka ndiye aliyemwambia mumewe aandike barua. Ukikutana na shaka ya namna hiyo, usiichukulie kama tusi. Onyesha kazi.

Leseni yenyewe inaombwa mtandaoni, kwenye mfumo wa halmashauri uitwao TAUSI. Biashara kama hii ni ya kundi B, inayotolewa na halmashauri. Unaambatisha TIN, hati ya TRA kwamba hudaiwi kodi na mkataba wa pango, kisha unapewa namba ya malipo. Kuwa makini na maelezo ya biashara. Sisi tulijaza "masaji na mafunzo" kwa sababu dada anapenda kuwafundisha wenzake, ombi likasimama. Neno mafunzo lilileta swali la usajili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na kusajili kituo cha mafunzo ni safari nyingine kabisa yenye masharti yake. Tulipobakiza masaji peke yake, ombi likapita.

Kwenye makadirio ya TRA sema ukweli, na uwe na daftari. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato, lakini huwezi kulithibitisha hilo kwa maneno matupu. Dada anaandika kila mteja, tarehe na alicholipa, hata yule wa 5,000.

Pango la miezi sita ijayo linalipwa mwezi wa pili. Safari hii mwenye nyumba atapokea 810,000 mkononi pamoja na stakabadhi ya TRA ya zile 90,000, na ameshasaini kukubali.